Njiti wa wiki 31 bado yuko kwenye mrija: mama amwandaeje kunyonya?

Swali
Wakuu, habari. Mtoto kazaliwa na wiki 31, leo ana siku 10 na kilo 1.5. Anapumua vizuri, analishwa kwa mrija ml 30 kila baada ya saa 3. Mama anatamani kumnyonyesha, ndugu wanataka kuleta chupa. Aanzie wapi?

Muuguzi wa watoto
Ml 30 ziko sawa: ml 160 kwa kilo ni ml 240 kwa siku, milo 8. Chupa waiache kabisa. Mtoto huanza kupanga kunyonya, kumeza na kupumua kati ya wiki 32 na 34 (wiki za mimba pamoja na siku tangu azaliwe), na huyu ndiyo kwanza ameingia hapo. Maziwa yakimjia kwa kasi atapaliwa, yaende mapafuni.

Aanze na kangaruu: mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, nepi na kofia tu. Shirika la Afya Duniani tangu 2022 linataka saa 8 hadi 24 kwa siku. Pale pale kifuani ndipo atatafuta titi. Mama akamue kwanza hadi titi lilegee, kisha amweke mtoto wakati mlo unapita mrijani. Ampake tone midomoni, angoje afungue mdomo, asimsukumie chuchu. Siku za mwanzo kulamba tu kunatosha.

Muuguzi ahakikishe mrija uko tumboni kabla ya kila mlo. Maziwa yashuke yenyewe: bomba la sindano bila kisukumio, sm 5 hadi 10 juu ya mtoto, dakika 10 hadi 15. Ukisukuma, tumbo linajaa ghafla na anacheua.

Mkunga
Naongeza kukamua, maana hapo ndipo wengi hukwama. Mara 8 kwa saa 24, usiku pia, la sivyo mtoto atakuwa tayari maziwa yameshapungua. Gumba juu, vidole chini, sm 3 hivi nyuma ya chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia, kisha hamisha vidole kulizunguka titi. Kuvuta chuchu kunaumiza tu, maziwa hayatoki.

Muuliza swali
Asanteni sana. Na kikombe je?

Muuguzi wa watoto
Akianza kuamka mwenyewe kabla ya mlo na kulamba midomo. Mkalishe karibu wima, kikombe kidogo kikae kwenye mdomo wa chini, maziwa yaguse midomo, alambe mwenyewe. Usimmiminie. Akitanua vidole, akikata pumzi au akibadilika rangi, acha papo hapo na umwite muuguzi. Yaliyobaki yatapita mrijani.

Titini atavuta mara 4 au 5 kisha atulie. Mama asimtoe, hapo anapumua. Na mrija usipunguzwe kwa kukisia: apimwe kila siku, aongeze gramu 15 kwa kila kilo, yaani kama 22 kwa huyu.