Tupeane uzoefu: umewahi kuazimisha kitabu kipya kabla hujakisoma?

Mwanzisha mada: Wasomaji wenzangu, nawasalimu. Jana nimerudishiwa riwaya niliyoinunua mwezi Januari, na jalada lake lina duara la kahawia la kikombe cha chai. Nilipoombwa nilikuwa sijafika hata ukurasa wa 30, nikaona haya kukataa. Ninyi mkipata kitabu kipya mnamwazima nani, na kinarudi katika hali gani?

Msomaji wa Tanga: Ushukuru kwamba kimerudi. Changu kina mwaka wa tatu huko Korogwe.

Mama Tandika: Mada hii imenigusa pabaya. Mwaka 2022, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ilipotoka kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*, niliinunua mapema, kwa sababu tangu apewe Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia nilikuwa na hamu ya kumsoma kwa lugha yangu. Kabla sijaifungua, jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu, aliniomba aanze yeye, akisema kwamba mimi bado nina miaka mingi ya kusoma. Nikacheka, nikampa. Miezi miwili baadaye alifariki. Siku ya msiba nimekaa mkekani na akina mama wenzangu, nikakiona kitabu changu juu ya friji, kimelazwa kifudifudi, na miwani yake iko juu yake. Kabla jeneza halijatoka, msemaji wa familia alisimama, kama ilivyo desturi, akatangaza kwamba yeyote anayemdai marehemu au anayedaiwa naye awaone ndugu. Fundi seremala alinyoosha mkono kwa deni la milango. Mimi niliinamisha kichwa, maana sikujua ningesemaje mbele za watu kwamba ninadai riwaya. Siku ya arobaini binti yake mkubwa aliniletea mwenyewe, ameifunga kwenye kipande cha khanga. Ndani mna risiti ya duka la dawa, ambayo mzee aliitumia kuwekea alama alipofika. Sijaitoa, wala sijasoma kupita hapo.

Mkazi wa Ubungo: Pole sana, dada. Nilikuja kulalamikia kurasa zilizokunjwa pembe, sasa naona aibu.

Karani Mstaafu: Pole, mwanangu, lakini ulipaswa kunyoosha mkono. Kitabu ni amana kama fedha, na ndugu wangegawana vitu vya marehemu, chako kingeishia kufungia karanga.

Msomaji wa Tanga: Mzee wangu, kweli ungedai riwaya mbele ya mjane?

Karani Mstaafu: Ningedai, tena kwa sauti. Ninalo daftari lenye jina, tarehe na sahihi ya kila aliyechukua kitabu kwangu. Kwa miaka 26 nimepoteza viwili tu, na vyote vimechukuliwa na shemeji yangu, ambaye hamtilii sahihi mtu yeyote.

Kijana wa Chuo: Kwa nini tunateseka? Kila anayenunua kipya akipige picha ukurasa kwa ukurasa, akitume kwenye kundi, kisha abaki na chake kabatini.

Mhariri wa Zamani: Huko si kupeana vitabu, kijana, ni kumwibia mwandishi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikutungwa kwa ajili ya wanamuziki peke yao. Nakala moja ikisomwa na watu kumi kwa zamu, sina neno.

Kijana wa Chuo: Watu kumi kwa zamu ni duara kumi za chai, Mhariri.

Mkazi wa Ubungo: Mimi nakifunika kwa karatasi ya kalenda ya mwaka jana, ile nzito inayong'aa, halafu namwomba mtu aniachie kitu chake. Wa mwisho aliacha pasi ya umeme, akarudisha kitabu baada ya siku nne kwa sababu shati zilikuwa zimemkunjamana.

Mwanzisha mada: Nadhani hata lugha yetu inatuponza: mwenye kitabu anaazima, na anayekichukua naye anaazima, ndiyo maana baada ya miezi sita hakuna anayekumbuka nani alikuwa nani. Mama Tandika, nakuomba radhi kwa kuuliza baada ya hayo uliyotusimulia, lakini *Peponi* sijaisoma.

Mama Tandika: Karibu nyumbani uisomee sebuleni. Chai utakunywa ukishaifunga.