Mrejesho: Tathmini ya senta yetu

Ndugu zangu, miezi miwili iliyopita niliwaomba ushauri wa namna ya kuitathmini senta yetu ndogo, upande wa Marangu, ambayo maduka yake yanafungwa moja baada ya jingine, nanyi mkanishauri tuizungukie kwanza kabla ya kukaa mkutanoni. Tuliwaalika watu sita kutoka Moshi mjini wasioijua kabisa, tukawaacha watembee bila kuwaeleza lolote. Jambo la kwanza waliloliuliza, ambalo sisi tumelipita kwa miaka, ni choo cha soko: mlango umefungwa kwa waya, na mama mmoja muuza ndizi akawaambia kwamba huomba kwa jirani au hujizuia hadi jioni. Kusema kweli, niliumia.

Hoja hiyo tuliipeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, tukafuata utaratibu wa kupanga maendeleo ya kijiji uitwao Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, unaoanza na kile ambacho wananchi wenyewe wanacho. Mafundi wawili walijitolea, na choo kinatumika tangu wiki iliyopita.

Taa na mtaro wa maji ya mvua vimeingia kwenye mpango wa kijiji, vikisubiri bajeti ya halmashauri. Bado sijaridhika, kwa kuwa vijana waliohudhuria walikuwa wachache mno. Nimependekeza mkutano ujao ufanyike jioni ya siku ya soko, ambapo wote wapo.