Kujua jina ni la kike au la kiume bila lebo

Wakuu, nina rundo la habari za magazeti ya Kiswahili, nataka programu itenganishe majina ya kike na ya kiume ila lebo (alama ya kuonyesha jina lipi ni la kike na lipi la kiume) sina. Kiingereza kina he na she, sisi "alisema" ni ya wote. Nafanyaje?

— Hesabu maneno ya jirani: Bw., Bi., ameoa, ameolewa, mumewe. Ila cheki mume ni wa nani, "Asha na mumewe Juma" itakuchanganya vibaya

— Mwanzo wa jina pia unasaidia, Wakalenjin Kip- kiume Chep- kike, Wajaluo Otieno na Atieno. Jina la mwisho usiliamini lakini, mwanariadha Faith Kipyegon ni mwanamke japo jina linaanza na Kip-, na jina lake la katikati ni Chepngetich

— Aisee ndo maana wanariadha wote wananivurugikia, naanza na majina ya kwanza tu