Mmeiba picha yangu mkamvalisha mama ntilie rangi za chama chenu, sasa mtaani anaonekana msaliti

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulishapita tarehe 27 Novemba 2024, watu wamerudi kwenye shughuli zao, lakini huku Temeke, Dar es Salaam, kuna bango moja la kampeni bado linaning'inia kwenye nguzo ya umeme karibu na kituo cha daladala. Kwenye bango hilo kuna uso wa mama ambaye hakuombwa na hakukubali. Picha hiyo nilipiga mimi.

Kwa wasionijua, napiga picha za mtaani. Siyo harusi wala kipaimara. Natembea na kamera ndogo yenye lenzi moja ya milimita 35, na mwenye kuijua lenzi hiyo anajua kwamba huwezi kumwibia mtu picha ukiwa umejificha ng'ambo ya barabara. Lazima umsogelee, hatua mbili tatu, akuone na wewe umwone. Nimekaa Feri alfajiri samaki wakinadiwa, nimezunguka Tandika na Kariakoo miaka sasa, na kinachoniwezesha kurudi sehemu ileile kesho yake ni kwamba watu wananijua. Huwa nakwenda kusafisha picha kisha namrudishia mwenye sura yake nakala. Bila hivyo ningeshapigwa zamani.

Huyu mama nilimpiga picha Machi 2024, kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alikuwa anapepea jiko la mkaa, moshi umepanda, jua linaingia kwenye matundu ya bati na kuukata moshi vipande vipande. Kushoto kwake amesimama mtoto wa shule na begi mgongoni anasubiri chapati. Mtoto nilimpata kwa nyuma, makusudi, kwa sababu watoto wa watu sipendi kuonyesha nyuso zao. Nilipomaliza nikamwamkia mama, nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Akacheka. Nikamuuliza kama naweza kuiweka kwenye ukurasa wangu, akasema, "Weka mwanangu, ila usiandike ninapokaa." Sikuandika. Wiki iliyofuata nikampelekea nakala, akaibandika kwenye nguzo ya banda lake juu ya jaba la maji.

Sasa sikilizeni walichofanya hawa watu. Kampeni zilikuwa za siku saba tu, tarehe 20 hadi 26. Siku ya pili napita pale kituoni nakutana na bango. Wamechukua picha kwenye ukurasa wangu, wamekata jina langu lililokuwa pembeni chini, wamebadilisha rangi ya kilemba cha mama kikawa rangi ya chama chao, na pale alipokuwa amesimama yule mtoto wamemweka mgombea wao wa uenyekiti wa mtaa, anatabasamu, mkono umenyooshwa kama anampokea mama chapati. Juu yake wameandika kwamba mama lishe wa mtaa huu wameshaamua. Nani kaamua? Mama yule hajawahi kutamka mbele yangu anampigia nani kura, na hata angetamka nisingewaambia ninyi.

Chama sikitaji. Najua nikitaja uzi utageuka vita ya vyama na suala la mama litapotea. Mwenye kuhusika anajijua, na wapambe wake wapo humu.

Wengine mtasema ni picha tu, kampeni zimeisha, songa mbele. Nendeni mkamuulize yeye. Wateja wake wakubwa ni vijana wa kijiwe cha bodaboda, na wengi wao walikuwa upande mwingine. Walianza na utani, "mama, leo supu ni ya chama?" Baadaye baadhi yao wakahama, wanakula ng'ambo. Lakini kilichomuumiza kuliko vyote ni kikoba, kile kikundi chao cha kuweka na kukopeshana fedha. Alikuwa nyuma kwenye marejesho, wenzake wanamvumilia, wanajua biashara imeyumba. Bango lilipotundikwa wakamwambia una hela ya kampeni umeificha, unatudanganya. Kikao kizima wanamhesabia fedha ambayo hajaiona. Na yeye alivyojua mwenye ile picha ni mimi, unadhani alifikiri nini? Alifikiri nimemuuza. Nilifika pale, nikasema shikamoo, hakuitikia. Kwa umri wangu sijawahi kumwamkia mtu mzima akaninyamazia. Nilisimama pale na kamera begani kama mwizi.

Tena wiki hiyo ilikuwa nzito hata bila hayo. Tarehe 16 ghorofa lilikuwa limeporomoka Kariakoo, watu wamefukiwa, mitaa ile ninayoipiga kila siku imejaa waokoaji na ndugu wanaolia. Nilifika, nikaizima kamera nikaiweka kwenye begi. Kuna wakati mpiga picha unajizuia kwa sababu mtu aliye mbele yako hana nafasi ya kukukatalia. Siku chache baadaye nakuta watu wasioujua mpaka huo hata kidogo.

Na msidhani wenyewe hawajui uchungu wa kupigwa picha bila ridhaa. Siku mbili baada ya kuliona bango nilikwenda kwenye mkutano wao, uwanja wa wazi, spika zinalia, gari la matangazo limezungukwa na watoto, wazee wamevaa fulana mpya juu ya mashati yao. Ndiyo maisha ya mtaa wakati wa uchaguzi, na mtu akija kuangalia picha hizo miaka ishirini ijayo ataelewa tulivyoishi. Nilipiga picha kama sita hivi. Vijana watatu wakanizunguka: umetumwa na nani, kitambulisho chako kiko wapi, futa. Wakasimama juu yangu mpaka nikafuta zote. Yaani mimi kumpiga mgombea anayehutubia hadharani, anayeomba kuonekana, ni kosa. Wao kumchukua mama aliye jikoni kwake na kumtundika barabarani ni halali!

Nilikwenda mpaka kwenye ofisi yao ya kampeni. Mpambe mmoja akanijibu kwamba picha ikishawekwa mtandaoni ni ya umma. Akaongeza kwamba nishukuru, kazi yangu imeonekana. Wakati natoka akanipa fulana na kofia. Nikaziacha mezani.

Huo ni uongo na nataka usomwe na kila mpambe anayekusanya picha za watu kwenye simu yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda picha tangu inapopigwa, hata kama hujaisajili popote, na inampa mpigaji haki ya kutajwa na haki ya kukataa kazi yake kuharibiwa. Na mama naye ana sheria yake: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Ibara ya 16 ya Katiba inazungumzia heshima na faragha ya mtu, na haikumtoa mama ntilie. Ruhusa aliyonipa mimi ilikuwa ya picha ya asubuhi jikoni. Hakunipa mimi kura yake, sembuse ninyi.

Kama kwenye kampeni za siku saba za mwenyekiti wa mtaa wamefanya hivi, kwenye uchaguzi mkuu itakuwaje? Tayari nikiinua kamera Tandika naulizwa, "wewe wa chama gani?" Miezi kumi iliyopita swali lilikuwa, "utaniletea lini yangu?"

Ninachotaka kutoka kwao: walishushe bango, na mgombea mwenyewe aende kwa miguu yake, si kwa simu, akasimame kwenye kijiwe kile na kwenye kikao cha kikoba aseme mama huyu hakulipwa na hakuombwa. Habari ya malipo yangu itasubiri.

Wadau wanaojua, naomba msaada. Yupo aliyewahi kupeleka malalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi? Ulianzia wapi, na je, lazima mama aende mwenyewe au naweza kumwandikia barua akaweka saini? Kwa upande wangu COSOTA, wanaosimamia hakimiliki, nakwenda wiki ijayo. Faili la asili ninalo, lina tarehe na saa, na bango nimelipiga picha kutoka pande zote.

Jana nilipita tena pale bandani. Nakala niliyompa haipo, imebaki misumari tu kwenye nguzo.