Uzi: Tunaonyesha The Return of the King kwa watu 40 South B. Toleo lipi, na ule mwisho tuufanyeje?

Nyota_SouthB

Wadau, naomba ushauri. Sisi ni kikundi cha mashabiki wa The Lord of the Rings na tunataka kuonyesha filamu ya mwisho, The Return of the King, Jumamosi moja mchana katika ukumbi hapa South B, Nairobi. Tunatarajia watu 40. Nusu yao wamesoma vitabu mpaka wanavijua kwa moyo. Nusu nyingine hawajaona hata filamu ya kwanza, wanaletwa na marafiki.

Tulicho nacho: projekta ya lumeni 3,000, laptopu, diski halali za matoleo yote mawili, na ukuta mweupe. Spika hatuna.

Mzozo ni huu. Wasomaji wanataka toleo refu, maana bila hilo kifo cha mchawi mwovu Saruman hakipo kabisa. Wengine wanasema hata toleo la sinema linachosha kule mwishoni, kwamba filamu inaisha mara nne au tano na watu wanaanza kutafuta viatu. Kuna mmoja amependekeza tuzime pale Pete, ile ya uovu ambayo safari nzima ni ya kuiangamiza, inapoyeyuka. Nisaidieni: toleo lipi, tuanze saa ngapi, vifaa gani, na ule mwisho tuulinde vipi?

Msomaji_Pangani

Dada Nyota, kwa umati mchanganyiko namna hiyo chagueni toleo la sinema. Ni dakika 201. Toleo refu linapita saa 4 na dakika 10, na hapo hujahesabu orodha ya majina ya klabu ya mashabiki inayofuata. Mgeni hawezi kubeba saa nne za hadithi aliyoingilia katikati.

Lakini fahamuni mapengo ya toleo la sinema, kwa sababu maswali yatatokea palepale. La kwanza ni lile tufe jeusi la kuonea mambo ya mbali, palantír, ambalo Pippin, mmoja wa hobiti (wale watu wadogo wa hadithi hii), analiokota majini chini ya Orthanc, mnara wa Saruman. Katika toleo la sinema hakuna anayeonyesha lilifikaje pale. Katika toleo refu linamtoka Saruman anapoanguka, na katika kitabu mtumishi wake Gríma ndiye anayelirusha kutoka juu. La pili ni Éowyn, mpwa wa mfalme wa Rohan: ameumia vibaya vitani, halafu unamwona kwenye kutawazwa kwa mfalme amesimama na Faramir, kapteni wa Gondor, na mgeni anajiuliza hawa wawili walijuana lini. Jibu liko kwenye Nyumba za Uponyaji, na mandhari hayo yamo toleo refu tu.

Dawa yake ni rahisi. Onyesheni toleo la sinema lote, kisha wakati wa chai muweke diski ya toleo refu na kuchagua sura tatu kwenye menyu: Saruman kule Orthanc, Nyumba za Uponyaji, na yule Mdomo wa Sauron, mjumbe wa adui mkuu, mbele ya Lango Jeusi. Hiyo ya tatu itawasha mjadala mkali. Aragorn, mrithi wa ufalme, anamkata kichwa mjumbe aliyekuja kuzungumza, ilhali kitabuni mjumbe yule anaondoka salama kwa heshima ya ujumbe wake. Mimi naona filamu ilimkosea Aragorn pale, na si haba watakaonipinga.

Toleo_Refu_Daima

Nakubaliana na ndugu wa Pangani kuhusu wageni, ila nusu ya hao 40 si wageni. Kama ukumbi unapatikana siku mbili, fanyeni mara mbili. Siku ya toleo refu anzeni saa 6 mchana, na pumziko liwe pale diski ya kwanza inapoisha. Filamu hiyo imegawanywa kwenye diski mbili na pale ndipo walioitengeneza walikubali ikatwe, kwa hiyo hakuna haja ya kubahatisha. Wekeni laptopu tayari na diski ya pili mkononi, pumziko la dakika 30, na mtamaliza kabla ya saa 11 jioni.

Fundi_wa_Luthuli

Nizungumzie vifaa.

Picha. Filamu hii ni pana sana, uwiano wa 2.39 kwa 1. Mkitandaza picha ya upana wa mita 3, urefu wake kwenda juu ni kama mita 1.25 tu, na kutabaki mistari myeusi ya sentimita 22 hivi juu na chini. Msijaribu kuiondoa kwa kuvuta picha. Mtakata nyuso pembeni. Ukingo wa chini wa picha uwe mita 1.2 kutoka sakafuni, la sivyo safu ya nyuma wataona visogo. Projekta nyingi za kawaida zina uwiano wa umbali kwa upana wa picha wa kama 1.5, maana yake picha ya mita 3 inataka projekta iwe mita 4.5 kutoka ukutani. Angalieni kijitabu cha yenu.

Lumeni 3,000 zinatosha kwa ukubwa huo, mradi chumba kiwe giza. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Pango la Shelob na mnara wa Cirith Ungol ni mandhari meusi mno, na dirisha moja likivuja jua la saa 9, wageni wataona ukuta wa kijivu na kusikia kelele za buibui asiyeonekana.

Sauti. Kodini spika mbili za inchi 12 zenye amplifaya ndani, na miksa ndogo. Ziwekeni pande mbili za picha, juu ya stendi, kimo cha sikio la mtu aliyesimama. Sasa tatizo kubwa: diski ina sauti ya chaneli 5.1, na mazungumzo karibu yote yamekaa chaneli ya kati. Laptopu ikitoa kushoto na kulia tu bila kuichanganya ile ya kati, mtasikia muziki wa Howard Shore na kwato za farasi, na midomo ikicheza bila maneno. Ingieni kwenye programu ya kuchezea filamu, sehemu ya sauti, mchague stirio, ndipo chaneli zote zinakunjwa kuwa mbili.

Mkisikia mngurumo wa chini usiokoma, jaribuni kuchomoa chaja ya laptopu. Ukikatika, tatizo ni waya wa ardhini. Laptopu, miksa na spika zote zichomekwe kwenye ekstensheni moja. Ukiendelea, nunueni kichujio cha kutenganisha waya wa sauti. Madukani Luthuli Avenue vipo.

Jaribio la sauti lifanywe kwa mandhari mawili. Moja ni shambulio la wapanda farasi wa Rohan kwenye uwanja wa Pelennor: pembe zikikwaruza, punguzeni. La pili ni pale Pippin anapomwimbia Denethor, baba yake Faramir, huku Faramir akipelekwa kufa. Denethor anatafuna nyanya ndogo, maji yake yanamchuruzika kidevuni. Mtu wa safu ya nyuma asikie zile nyanya zikipasuka chini ya meno na bado asikie wimbo. Akisikia vyote viwili, msiguse tena.

Kitu kimoja kinachosahaulika: maandishi ya tafsiri ya lugha ya Waelfu. Kwenye baadhi ya programu, ukizima maandishi yote, na hayo yanapotea. Jaribuni pale Elrond anapomkabidhi Aragorn upanga hemani. Kama hakuna maandishi, washeni ya Kiingereza kwa filamu nzima. Heri hivyo kuliko kupoteza mazungumzo yale.

Kiti_cha_Nyuma

Mimi nashika swali la mwisho wa filamu, maana ndilo lenye uzito, na naomba sana msikate.

Kinachowasimamisha watu ni jinsi picha inavyofifia. Pete ikishaangamia, Frodo, hobiti aliyeibeba, na rafiki yake Sam wanajilaza juu ya mwamba, moto umewazunguka, na picha inafifia hadi weusi mtupu. Hapo ndipo mtu aliyekaa karibu na swichi anawasha taa. Kisha tai wanakuja, Frodo anaamka kitandani, marafiki wanaingia mmoja mmoja, Aragorn anatawazwa na kuwainamia hobiti wanne, wanarudi kwao Shire, harusi ya Sam, bandari ya Grey Havens, na hatimaye mlango wa Sam. Ni takriban dakika 20.

Wanaolalamika wanazipima dakika hizo dhidi ya filamu moja. Zipimeni dhidi ya zote tatu: 178, 179 na 201, jumla 558. Dakika 20 hazifiki hata asilimia 4 ya safari yote, na ndizo zinazosema safari ilimgharimu nini Frodo. Tazameni ile baa ya Shire: hobiti wanne wamekaa na vikombe vyao, kimya, na wenzao pembeni wanashangilia boga kubwa. Hakuna anayewauliza walikuwa wapi. Ukizima pale Pete inapoyeyuka, umeonyesha ushindi ukaficha bei yake.

Wasomaji nao wana kilio chao, na ni cha haki: kitabuni hobiti wanarudi na kukuta Shire imeharibiwa na Saruman, wanapigana kuikomboa. Filamu imeiacha sura hiyo nzima. Mjadala huo uachieni baada ya filamu, na wasomaji waombwe mapema wasinong'one.

La kufanya: swichi za taa ziwe na mtu mmoja tu, awe ameshaiona filamu, na ajue kwamba taa haziwashwi mpaka majina yaanze kupanda na Annie Lennox aanze kuimba. Kabla ya kuanza, mwambieni kila mtu wazi: "Picha itakuwa nyeusi kisha itarudi. Kaeni."

Karani_wa_Mjini

Neno fupi la sheria. Diski ya dukani, hata iwe halali namna gani, ni ya kutazama nyumbani. Ukumbi wa kukodi na watu 40 ni maonyesho ya umma, hata bila kiingilio. Kwanza ombeni kibali cha mwenye haki. Filamu hizi ni za New Line, iliyo chini ya Warner Bros., kwa hiyo anzeni na msambazaji wao. Kisha nendeni KFCB, bodi ya uainishaji wa filamu Kenya, wanaosimamia maonyesho ya filamu chini ya Sura ya 222 ya sheria za nchi, muulize leseni na daraja la umri. Fanyeni hayo kabla ya kuchapisha bango.

Nyota_SouthB

Asanteni sana, mmenifungua macho. Tumekubaliana: toleo la sinema, kisha zile sura tatu. Vibali naanza Jumatatu. Yamebaki mawili. Madirisha ni sita, mapana. Na wale wageni, niwaambie nini kabla ya kuanza? Kuna aliyependekeza tutafsiri moja kwa moja kwa maikrofoni, kama madijei wa vibanda vya video wanavyofanya.

Mama_Pazia

Dada, usinunue mapazia. Nenda Eastleigh au Gikomba, chukua kitambaa cheusi kizito, pima kila dirisha na uongeze sentimita 20 kila upande, kwani mwanga huvuja pembeni kuliko katikati. Kibandikwe ukutani kwa tepi ya karatasi, ile ya mafundi rangi. Tepi ya kahawia ya maboksi itang'oa rangi ya wenyewe. Kikunje mara mbili ukiona jua linapenya. Ila usizibe matundu ya hewa ya juu, watu 40 na projekta watakipasha chumba joto haraka. Mlango nao uwekewe pazia la ndani, maana kuna watakaotoka kwenda msalani wakati wa vita.

Msomaji_Pangani

Tafsiri ya maikrofoni hapana kwa filamu hii. Itafunika muziki na kimya. Badala yake tengeni dakika 20 kabla ya filamu.

Filamu ya tatu haina muhtasari. Inaanza na Sméagol na Déagol wakivua samaki, na mgeni hajui hata kwamba Sméagol ndiye Gollum, kiumbe aliyeharibiwa na Pete. Andaeni karatasi moja ya Kiswahili yenye majina kumi na mistari miwili kwa kila jina. Muhimu zaidi, waonyesheni vipande viwili vya filamu ya kwanza. Cha kwanza ni mazungumzo ya mchawi Gandalf na Frodo ndani ya mapango ya Moria kuhusu kumhurumia Gollum. Bila hicho, Gollum anapoing'ata Pete pamoja na kidole cha Frodo, mgeni ataona ajali tu, na ataamini Frodo alishindwa na hadithi ikaokolewa na bahati. Cha pili ni Frodo kuchomwa kisu kule kilima cha Weathertop. Karibu na mwisho Frodo anashika bega na kusema miaka minne imepita tangu Weathertop na jeraha halijapona. Hiyo ndiyo sababu anapanda meli. Aliyeona kisu hataona kuaga kule kumerefushwa.

Ratiba: milango saa 7, vipande saa 7 na nusu, filamu saa 8 kamili. Pumziko la dakika 15 baada ya wimbo wa Pippin, si mbali na katikati. Mtamaliza karibu saa 11 na dakika 36, kisha chai na zile sura tatu, na watu wapate matatu kabla giza halijaingia.

Fundi_wa_Luthuli

Nyongeza kuhusu stima. Projekta, spika na laptopu pamoja hazifiki wati 800, kwa hiyo siku nzima, majaribio yakiwemo, ni kama uniti 6. Angalieni mita ya ukumbi ina tokeni kabla ya saa 7. Kama projekta ni ya balbu, iwekeni kwenye UPS (betri ya akiba) ya VA 1,000. Stima ikipotea, UPS haitamaliza filamu, ila itaipa feni dakika za kupoza balbu. Ikizimika ghafla ikiwa moto mara kwa mara, balbu inaweza kufa mapema. Andikeni dakika mliyofikia, zimeni kwa kitufe, na msiwashe tena mpaka feni inyamaze yenyewe.