Kupakia faili kwa cheti cha mteja: curl, WinSCP, au tuombe SFTP?

Jahazi: Wakuu, naombeni ushauri. Kuna seva tunayotakiwa kuipelekea faili kila usiku. Haikubali nywila, inataka cheti cha mteja, yaani faili inayoithibitishia seva kuwa ni sisi. Nimepewa faili ya .p12 (cheti na ufunguo wake wa siri pamoja) na nenosiri lake. Niko kati ya curl (programu ya amri ya kutuma faili), WinSCP (ya Windows, yenye madirisha) na kuandika skripti ya Python. Au niwaombe wenye seva watupe SFTP (kutuma faili kupitia SSH)? Natakiwa kuamua wiki hii.

Kipanga: Mkuu, ya muhimu hujayasema. Ni HTTPS au FTPS (FTP iliyosimbwa)? Faili zina ukubwa gani? Mashine yako Windows au Linux?

Zumaridi: curl, wala usizunguke. `curl --cert-type P12 --cert cheti.p12:nenosiri -T ripoti.zip` halafu anwani. -T inatuma kwa PUT, ombi la HTTP la kuweka faili kwenye seva. Seva ikitaka fomu, tumia -F.

Mwalimu Seva: Zumaridi, nenosiri kwenye amri hapana, linabaki kwenye historia ya terminali. Jahazi, toa cheti na ufunguo kwenye .p12 kwa amri ya openssl, ufunguo uupe ruhusa 600 (mwenye faili tu asome na kuandika), umilikiwe na akaunti inayoendesha kazi hiyo tu. OpenSSL 3 ikigoma kufungua .p12 ya zamani, ongeza -legacy. Nyingi zilifungwa kwa RC2 ya biti 40, usimbaji dhaifu wa zamani, na toleo hilo haliikubali mpaka uiombe.

Tai: Ombeni SFTP. Poti moja, 22, basi. FTPS hufungua muunganisho mwingine kwa kila faili, mtagombana na watu wa mtandao hadi mchoke.

Kipanga: SFTP haitaigusa hiyo .p12. Kule ni funguo za SSH.

Tai: OpenSSH ina vyeti tangu toleo la 5.4, mwaka 2010.

Kipanga: Vyeti vya muundo wake, si X.509, muundo wa vyeti vya HTTPS. Alichopewa Jahazi ni X.509.

Jahazi: Samahani wakuu, ni HTTPS. Mashine ni Linux. Faili nyingine zinafika MB 200.

Bahari: Hapo kwenye ukubwa ndipo pa kuangalia. Tulikuwa na mpokeaji mmoja, faili ndogo zinapita, kubwa zinarudi na kosa 413 (ombi ni kubwa mno). Wao wanasema tatizo ni letu. Tukabadilisha programu, tukaomba cheti kipya, hali ile ile. Kumbe Apache yao (programu ya seva ya tovuti) ilikuwa inadai cheti kwenye folda ya kupakia tu, si kwenye tovuti nzima. Muunganisho unaanza bila cheti, seva inaona anwani, ndipo inaanza upya mazungumzo ya TLS (usimbaji wa HTTPS) ili idai cheti. Wakati huo mwili wa ombi unashikiliwa kwenye kumbukumbu, na kikomo chake, mpangilio wa SSLRenegBufferSize, kisipobadilishwa ni baiti 131072. Faili ikizidi hapo, 413. Walipohamishia sharti la cheti kwenye tovuti nzima, kila kitu kikapita kwa cheti kile kile cha mwanzo. Jahazi, jaribu faili kubwa kabla ya kusaini chochote.

Zumaridi: Na kama seva yao ni nginx badala ya Apache, kikomo cha client_max_body_size ni MB 1 mpaka waiongeze. Nayo inarudisha 413.

Mshale: Python ni nzuri ukitaka kujaribu tena na kuandika logi. Ila maktaba yake ya requests kwenye cert= haipokei ufunguo wenye nenosiri. curl ikilalamika kuhusu cheti cha seva, weka -k (isikague cheti hicho) uendelee.

Mwalimu Seva: Mshale, hilo la -k siliungi mkono hata kidogo. Ufunguo wake hautavuja, lakini faili itakwenda kwa yeyote aliyejifanya seva. Awaombe cheti cha mamlaka iliyosaini seva yao, akiweke kwenye --cacert.

Mshale: Kwa majaribio tu, mkuu.

Mwalimu Seva: Skripti za majaribio ndizo zinazoishia kwenye kazi ya kila usiku.

Tai: Kwenye SFTP, faili ya MB 200 ikikatika katikati unaendelea ilipoishia. Kwa PUT, mara nyingi unaanza upya.

Kipanga: Hapo nakubaliana nawe. Jahazi, cheti chako kinaisha lini? `openssl x509 -enddate -noout -in cheti.pem`.

Jahazi: Nimeangalia, kinaisha mwezi ujao. Na barua yao haisemi nani anatoa kipya. Ombi la kusainiwa cheti (CSR) natengeneza mwenyewe au wananitumia .p12 nyingine?

Bahari: Tengeneza mwenyewe, ufunguo usisafiri kwa barua pepe. Ila waulize kwanza kama wanakubali.