Nairobi mpaka New York: ni masaa saba ama nasoma tiketi vibaya?

Mtoi wa Donholm:
Wadau habari za jioni. Mathe anaenda New York mwezi wa kwanza kuona mjukuu, ndio mara yake ya kwanza kupanda ndege, na mimi nimebaki mkalimani wa tiketi. Imeandikwa JKIA 23:25, JFK 06:25 kesho yake, moja kwa moja bila kushuka popote. Amehesabu na vidole akasema ni masaa saba, "kumbe ni kama basi ya usiku ya Mombasa tu", na ameshatangazia chama chote. Mimi nimeona umbali ni kama kilomita 11,800, nikagawanya na 900 kwa saa nikapata 13 na kitu. Binamu aliye huko anasema 15. Nani mkweli?

Mzee wa Syokimau:
Binamu yako. Kila saa kwa tiketi ni ya mahali pake. Januari New York wako nyuma yetu masaa nane, so hiyo 06:25 yao hapa kwetu ni saa nane na dakika 25 mchana, hesabu toka saa tano na dakika 25 usiku utapata 15 kamili. Angeenda Julai tofauti ingekuwa saba, maana hao husongesha saa mbele Machi na kurudisha Novemba, sisi tumekaa tu vile tulivyo.
Halafu muandikie kwa karatasi saa za Kiswahili. Shemeji yangu aliona 05:10 akajua ni saa tano na dakika kumi asubuhi, akafika eapoti ameoga, sanduku limefungwa kamba, ndege ilishaenda kitambo.

mbawa_254:
@Mtoi hesabu yako si mbaya ila hiyo 900 ni mwendo wa ndege ikiwa imeshatulia huko juu, hujaweka kuzunguka chini, kupanda na kungoja zamu ya kutua. Kubwa zaidi ni upepo, huko juu kuna upepo mkali sana unatoka magharibi kwenda mashariki, so kwenda unakupiga usoni, kurudi unakusukuma mgongo. Kenya Airways wakianza hii njia Oktoba 2018 na Dreamliner walisema 15 kwenda, 14 kurudi. Na usifuate ramani ya ukutani, chukua tufe uvute uzi, utaona unakata Sahara ndio uingie Atlantiki.
Kuondoka usiku pia kunasaidia. JKIA iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa nyepesi, na ndege imejaa mafuta ya masaa 15, so ikiruka na baridi ni afadhali kuliko jua la saa saba.

Mama Wawili Buru:
Wacheni kilomita, huyo ni mama wa watu. Aamke atembee kila baada ya muda, anywe maji, soksi za kubana zinasaidia miguu isivimbe. Dawa za presha kama anatumia ziingie mkoba wa mkononi, SIO sanduku. Na uitishe kiti cha magurudumu mapema, hata kama anatembea vizuri, JFK ni kubwa na foleni ya uhamiaji si mchezo.

Mtoi wa Donholm:
Asanteni sana. Nimemwelezea yote, amenyamaza kidogo akauliza kama watu hulala wakiwa wamekaa hivyo hivyo masaa 15. Saa yake ya mkono amekataa isiguswe, eti akiwa huko anataka kujua sisi tunakula saa ngapi. Chama atawaambia mwenyewe.